Mifupa ya Euphrasia

Usiku huo Nyamburi hakugusa kitanda. Alikaa kwenye kigoda nyuma ya nyumba, kando ya ng'ombe wake mwekundu aliyeanguka tangu asubuhi na kukataa kuinuka, akimsubiri mwanawe Magesa arudi na baiskeli kutoka Kabasa kwa bwana mifugo. Ng'ombe alikuwa na mimba, na ndiye pekee aliyebaki zizini. Akifa, mahari ya Magesa imekwenda naye.

Hatua ishirini kutoka hapo, ng'ombe wa Euphrasia alikuwa akicheua kwa raha zake. Nyamburi alimsikia, na roho ikamchoma.

Wote wawili walikuwa wajane wa Wanzagi. Nyamburi ndiye mkubwa. Aliletwa kutoka Butiama akiwa msichana aliyeishia darasa la pili, akafyeka shamba la pamba kwa mikono yake. Euphrasia alikuja miaka kumi baadaye, akakuta shamba limeshalimwa. Wanzagi alipofariki aliwaachia ng'ombe mmoja mmoja, tena wa tumbo moja, ili wasigombane. Enzi hizo kila mke alikuwa na mji wake, na kilima kati yao. Mwaka sabini na nne watu wakahamishiwa kijiji cha ujamaa, na nyumba za wajane hao zikapangwa mlango ukitazama mlango.

Mifugo nayo ikabanwa kwenye malisho yale yale yaliyochoka. Kiangazi kilichofuata, ng'ombe wakaanza kutafuna mifupa kama mbwa. Bwana mifugo akawakusanya watu shuleni.

"Hawana wazimu hawa," akasema. "Wanatafuta fosfeti. Ni madini. Kwingine yako kwenye mawe, yanachimbwa na kusagwa, ndiyo mbolea inayotiwa kwenye pamba. Udongo wenu hauna ya kutosha, basi nyasi nazo hazina. Lakini mfupa wowote umejengwa kwa madini hayo hayo. Chomeni mifupa mpaka igeuke myeupe, twangeni, changanyeni na chumvi, ng'ombe alambe."

Kisha akamwita Euphrasia mbele ashike mchi. "Mama huyu ana mkono mwepesi," akamsifu. Nyamburi akainuka akatoka. Tangu siku hiyo akaapa hatatwanga mfupa hata mmoja.

Miezi miwili baadaye, maziwa ya ng'ombe wa Euphrasia yalipojaa kibuyu, Nyamburi alikwenda kwa balozi wa nyumba kumi.

"Balozi, ulishaona mtu mzima anachomaga mifupa gizani?"

Alijua fika si uchawi, lakini neno lile la gizani likatosha kuwatia watu hofu. Kamati ya kijiji ikamwaga mifupa yote ya Euphrasia mtoni, na watoto wakamwita Mama Fisi.

Nyamburi alikuwa bado kwenye kigoda Magesa aliporudi kunapambazuka, peke yake.

"Haji, mama. Lori linamsubiri, anakwenda kuchanja Butiama. Anasema ng'ombe amelegea mifupa. Anyanyuliwe leo leo, aanze kupewa unga ule na chumvi, kila siku. Tukisema tukaokote mifupa sasa, tutachelewa. Mifupa yake ilimwagwa, lakini mama mdogo hawezi kukosa akiba ya unga."

"Basi nenda ukamwombe."

"Mimi sikumsema kwa balozi."

Nyamburi akajifunga kanga vizuri, akavuka uwanja, Magesa nyuma yake.

"Hodi."

Sauti ikatoka ndani: "Nani?"

"Nyamburi."

"Nyamburi yupi? Yule rafiki wa balozi?"

"Ndiye huyo."

"Fisi bado amelala. Rudi kwako, dada."

Nyamburi hakurudi. Aliweka kiganja kwenye mbao za mlango. "Mdogo wangu," akasema, neno ambalo hakuwahi kumwita, "siku ile uliposhika mchi niliona wivu. Nikakusingizia. Na wivu wenyewe haujaisha, nisikudanganye. Lakini ng'ombe amelala chini."

Magesa alishageuka aondoke, komeo likavutwa, mlango ukafunguka.

"Najua amelala chini," Euphrasia alisema. "Ameniguniaga usiku kucha. Magesa, tafuta kamba na wanaume wawili tumnyanyue. Na wewe, dada, saa nne twende kwa balozi ukaseme tena, safari hii kweli."

"Nitasema."

Euphrasia alikuwa na kopo mkononi, unga umeshachanganywa na chumvi. Nyamburi akatambua kwamba mwenzake aliuandaa kabla hajabishiwa hodi. Hata hilo nalo akamwonea wivu.