Mawe ya Darasa la Mwalimu Mutiso

Nikiwa binti mdogo pale Habaswein, sikuwahi kumsikia mama yeyote akitaja idadi ya wanawe. Ukimwuliza, alijibu, "Alhamdulillahi, wapo," kisha akageuza mazungumzo. Kuhesabu watoto kuliita jicho baya, na jicho likishaijua hesabu, huanza kupunguza.

Ilikuwa miaka ya vita vya shifta, waasi wa Kisomali wa kaskazini mwa Kenya. Serikali ilikuwa imetukusanya karibu na kituo cha polisi, ngamia wetu wengi walikuwa wamekwisha, na askari walituhesabu tukitoka, wakatuhesabu tukirudi. Surua ilipoingia na kumchukua mdogo wangu, nyanya yangu, tuliyemwita Ayeyo, hakutafuta sababu nyingine.

Ndipo akaja Mwalimu Mutiso, kijana kutoka Ukambani, akafungua shule katika banda la mikeka. Asubuhi ya kwanza alisimama mbele yetu akanyoosha kidole. "Moja, mbili, tatu..."

Ayeyo, aliyekuwa amekaa mlangoni kunichunga, aliruka kama kijana.

"Mwalimu! Toto yangu si mbuzi ya kubeleka soko!" alifoka, kwa Kiswahili chake ambacho kila p ilikuwa b.

Kabla mwalimu hajafungua mdomo, nilikuwa nimeshavutwa nje, na akina mama wengine nyuma yetu na watoto wao. Banda likabaki na mwalimu na ubao wake.

Jioni alikuja kwetu. Nilidhani ameleta polisi, lakini alikuwa peke yake. Alivua viatu, akakaa mkekani, akanywa chai.

"Mama," akasema, "nisipopeleka idadi Garissa, vitabu haviji, na shule itafungwa. Lakini sitaki kumdhuru mtoto yeyote. Kila mmoja akileta jiwe lake, nikahesabu mawe, itakuwa vibaya?"

Ayeyo alizungusha kikombe chake hadi chai ikapoa.

"Jiwe hesabu tu," akasema mwishowe. "Jiwe habana kufa."

Kesho yake tulirudi wote. Wavulana walibeba mawe makubwa ya kujionyesha. Mimi langu nililiosha. Tuliyapanga juu ya sanduku lililokuwa meza, mwalimu akayahesabu kwa sauti, akaandika. Kisha akatuambia kila mtu achukue lake akakae. Tulipokwisha kukaa, jiwe moja jeusi lilikuwa bado pale.

"Hili la nani?"

Tukatazamana. Halafu sauti kutoka mlangoni: "Yangu. Mimi bia sijasoma."

Tulicheka mpaka tukalaliana. Mwalimu naye alicheka, akifuta machozi, kisha akamwonyesha Ayeyo nafasi kando yangu. Alikuwa mwanafunzi msumbufu kuliko sisi sote. Alibishana kuhusu kila herufi, akadai b ni p iliyopinduliwa makusudi kumtesa. Siku alipoandika jina lake mwenyewe mchangani, alitukataza kupita hapo mpaka upepo ulipolifuta.

Nimekuwa mwalimu maisha yangu yote, na wanafunzi nimewahesabu kwa kidole, wakakua. Hata hivyo sijawahi kumcheka mzazi anayeogopa. Mwalimu Mutiso alikuwa na serikali nzima nyuma yake, yenye bunduki, na angeweza kutuamrisha. Alikuja kuomba ruhusa kwa bibi kizee aliyefiwa na mjukuu. Nadhani jioni ile, kabla sijajua hata herufi moja, ndipo shule ilipokuwa yetu.