Mama Aliyeondoka Bila Deni

Kinyaa cha Angetile kwa mumewe hakikuanzia kitandani, kama wanavyodhani wambea. Kilianzia dukani, mchana kweupe, mbele ya gunia la chumvi, siku alipomwona Lazaro akiandika daftarini uji wa mama yake mzazi.

Lazaro hakuwa mwizi. Afadhali jambo hilo lisemwe mapema, maana mwizi angalau hujua kuona haya. Alikuwa mtu mwaminifu wa Ikolo, aliyebatizwa, mwenye kanzu nyeupe ya Jumapili. Enzi zile za Mdachi alifanya kazi miaka kadhaa kwenye duka la Mzungu mmoja bandarini Mwaya, akarudi nyumbani na ufundi ambao hakuna mwingine kijijini aliyekuwa nao: kuandika hesabu za pande mbili. Mama yake, Tusekile, alimpa ng'ombe wake wa pekee awe mtaji. Lazaro akamuuza kwa rupia ishirini, yaani hela elfu mbili, akanunua chumvi, majembe, shanga na jora la kitambaa cha merikani, akafungua duka kando ya njia ya kwenda ziwani.

Kwa kuwa alihitaji mtu wa kukaa dukani anapokwenda kununua mpunga Makwale, alimfundisha mkewe.

"Hakuna kitu kinachotoka bila kuingia mahali," alimwambia. "Mtu akinunua chumvi ya hela tano, kwenye ukurasa wa sanduku, kushoto, andika hela tano zimeingia. Kwenye ukurasa wa chumvi, kulia, andika chumvi ya hela tano imetoka. Akikopa je?"

"Hela haziingii sandukuni."

"Enhe. Kinachoingia ni deni lake. Mfungulie ukurasa wake, mwandike kushoto. Siku akilipa, mwandike kulia, na sanduku liandike kushoto. Mwisho wa mwezi jumlisha kushoto kote, jumlisha kulia kote. Zikilingana, lala. Zisipolingana, kuna mahali umesahau upande mmoja."

Angetile aliipenda kazi ile, wala hakuwahi kukana baadaye. Mali bila daftari hupotea bila habari, na wenye maduka wenzao waliotegemea kumbukumbu za kichwani walikuwa wanafilisika huku wakicheka. Alipenda pia onyo ambalo Lazaro alipewa na yule Mzungu wa Mwaya: duka ni mtu, na mwenye duka ni mtu mwingine. Chakula cha nyumbani, ugomvi wa nyumbani, ndugu wa nyumbani, vyote vikae nje ya daftari la duka.

"Na ng'ombe wa mama?" aliuliza.

"Huyo yumo. Duka limempokea, kwa hiyo duka linadaiwa na mama. Ukurasa wa mama, kulia: rupia ishirini."

Ilikuwa sawa kabisa. Kwa tundu hilo la ng'ombe ndipo nyumba nzima ilipopenya ikaingia daftarini.

Tusekile alipoanza kuugua miguu na kushindwa kwenda shambani, Lazaro akawa anamletea mchele kutoka dukani. Mchele ukitoka lazima uingie mahali, basi akauingiza kwa mama yake, ukurasa wake, kushoto. Kisha uji. Kisha blanketi. Kila siku alitoa kwenye ng'ombe yule, kipande kwa kipande, kama fisi mwenye adabu.

"Baba, huyu ni mama yako," Angetile alisema.

"Ndiyo maana simtozi faida," alijibu Lazaro, na alidhani amejibu vizuri.

Angetile alitoka nje akatema mate. Akarudi ndani kwa mama mkwe wake kumkanda miguu.

"Mwanangu," Tusekile alimwambia, "mimi kufa siogopi. Naogopa kuzikwa kimya. Kwetu mtu huliliwa na watu mpaka ua ukajaa, wakalala hapohapo, wakala, wakapigana vijembe. Nisije nikafukiwa kama mbwa wa njiani."

"Hutazikwa kimya, mama. Mimi nipo."

Aliahidi hivyo bila kujua mumewe anapanga nini na kalamu yake. Kwao Ikolo wanaume wa rika moja walijenga pamoja na kula pamoja. Leo kwa huyu, kesho kwa yule, na anayekula peke yake aliogopwa kama mchawi. Hakuna aliyehesabu. Lazaro akaanza kuhesabu. Hezroni, mtu wa rika lake tangu wakichunga ng'ombe pamoja, akila ndizi kwake, Lazaro alimwandika. Hezroni akimsaidia kuezeka, alimwandika pia, upande wa pili, kwa haki kabisa. Hapo ndipo palipotia kichefuchefu, ile haki yake.

Mwisho wa mwaka alipita nyumba kwa nyumba na daftari kwapani, akimsomea kila mtu kinachomhusu. Watu walidhani anatania. Kwa Hezroni alikuta ukurasa unaonyesha kwamba yeye Lazaro ndiye anayedaiwa, maana Marta, mke wa Hezroni, alikuwa amekesha mara nyingi na Tusekile alipozidiwa. Lazaro akachomoa hela mfukoni, akazipanga kizingitini moja moja.

"Za nini?" Marta akauliza.

"Za kumwangalia mama. Sipendi kudaiwa, shemeji."

Marta alizitazama hela zile kama mtu aliyeonyeshwa funza kwenye nyama. Hakuzigusa. Alimwita Hezroni, na Hezroni naye hakuzigusa. Lazaro alingoja, kisha akaziokota, akarudi nazo nyumbani amekunja uso. Kwake kosa lilikuwa kwamba hela zimekataa kutoka, na ukurasa umebaki wazi. Hilo tu ndilo lililomuumiza.

Habari haikukawia. Wiki ile ile watu wakaanza kuja kulipa. Huyu alileta kuku akamfunga mlangoni bila kubisha hodi. Yule alileta mkungu wa ndizi, akautupa uani, akaenda zake. Walikuwa wanajisafisha. Lazaro alipokea kila kitu na kuandika, hata ukurasa wa Hezroni akaufunga kwa kuandika "amesamehe", na siku aliyofunga kurasa zote za majirani alifurahi mpaka akaimba.

"Hakuna anayenidai, wala hakuna ninayemdai!" alimwambia mkewe. "Kijiji kizima, kushoto na kulia, sawasawa."

Angetile aliutazama mlango. Ilikuwa saa ya watu kupita kusalimia, na hakupita mtu.

Tusekile alifariki alfajiri moja ya masika. Angetile alimfumba macho, akaenda kumwambia mumewe. Lazaro alilia kidogo; tumpe haki yake. Halafu alifuta kamasi, akafungua daftari kwenye ukurasa wa mama.

"Namshukuru Mungu," alisema kwa sauti laini. "Mama ameondoka bila deni. Ng'ombe amebakiza hela thelathini."

Akachukua mkasi, akapima merikani ya hela thelathini, akakata. Walipomfunika Tusekile, sanda iliishia magotini. Miguu yake iliyovimba, ile aliyoikanda Angetile miezi na miezi, ilikaa nje mbele ya macho ya mwanawe, na mwanawe alikuwa anapiga mstari chini ya hesabu.

Angetile alikwenda nyuma ya migomba akatapika. Alipomaliza akapiga kelele ya msiba, kelele ambayo kwa kawaida ingewatoa watu mashambani wakikimbia.

Walikuja wachache, wakasimama mwisho wa ua. Hezroni akasogea mbele.

"Lazaro, pole. Kwenye daftari lako, sisi tunadaiwa?"

"Hapana, ndugu yangu. Hamdaiwi kitu."

"Na sisi tunakudai?"

"Hamnidai."

"Ndaga, tumeshukuru," alisema Hezroni. Wakageuka wote wakaenda zao.

Angetile hakumngoja Lazaro aelewe. Aliwafuata mpaka uani kwa Hezroni, akawakuta wamekaa, Marta akilia kimyakimya kwa ajili ya rafiki yake. Angetile akapiga magoti.

"Shemeji, nimekuja kukopa."

"Kukopa nini?"

"Watu. Na sitalipa. Msinipe kitu cha kulipika. Mtanidai mpaka nife, na nikifa mje mnidai tena."

Marta ndiye aliyeinuka kwanza, akajifunga kanga kiunoni, akatoka bila kusubiri mumewe, na sauti yake ikatangulia njiani ikilitaja jina la Tusekile. Nyuma yake ikafuata sauti nyingine, na nyingine, mpaka Ikolo yote ikawa inalia.

Angetile alifika dukani kabla yao. Alilitoa jora la merikani, akamviringishia mama mkwe wake kutoka utosini mpaka nyayoni, akazungusha tena na tena mpaka jora likaisha. Akatoa mchele, akatoa chumvi, akawapa wanawake waliobandika vyungu bila kupima. Lazaro alimfuata huku na kule na kalamu mkononi.

"Imeingia wapi?" aliuliza. "Mke wangu, imetoka, sawa, lakini imeingia wapi?"

Ua ulijaa. Watu walilala hapo siku kadhaa, wakala, wakalia, wakapigana vijembe, kama Tusekile alivyotaka.

Lazaro aliishi miaka mingi baada ya hapo. Mdachi aliondoka, Mwingereza akaja, hela zikabadilika, na mpaka uzeeni aliwasimulia wateja wake juu ya mwaka ule mmoja ambao daftari lake lilikataa kulingana: jora zima la merikani, mchele gunia, chumvi isiyojulikana kiasi. Alisimulia kwa uchungu, machozi yakimlenga. Juu ya mama yake hakusimulia kitu. Na kila alipofika kwenye lile jora, Angetile aliacha alichokuwa anafanya, akatoka nje, akatema mate.