Mafuta ya breki niliyomimina kabla ya siku ya maombi

"Weye wenye ulisomaka, uniambie," mama aliniuliza. "Mungu anaweza kuponyesha kitu, kisha akirudishe mu ugonjwa yake?"

Mimi! Mimi ambaye walimu walichoka na maswali yangu, niliyerudi Bunia na diploma ya chuo kikuu na mdomo mrefu kuliko diploma yenyewe. Niliinama juu ya sombe, majani ya muhogo niliyokuwa natwanga, nikasema sijui.

Nilidanganya. Nilijua vizuri sana. Aliyeponya nilikuwa mimi, na aliyerudisha ugonjwa nilikuwa mimi.

Nina hatia, wewe unayesoma. Nikiisha kueleza utaelewa kwa nini siweki jina.

Baba yangu alipofariki alituachia trakta moja kuukuu. Kila mtu mtaani kwetu aliiita Muzee. Baba mudogo, yaani mdogo wake marehemu baba, ndiye aliyeiendesha. Ililima mashamba yetu ya maharage na mahindi nje ya mji, na mashamba ya wamama wengi wa kanisa letu. Siku hizi watu wengi hawathubutu kwenda kulima mbali kwa kuogopa watu wenye silaha, kwa hiyo kila kipande cha ardhi kilicho karibu na mji kina wenyewe, na wote walikuwa wanamngoja Muzee.

Basi Muzee akaanza kuvuja. Mafuta yanayosaidia kulainisha usukani yalikuwa yanatoka kwenye silinda iliyo mbele, karibu na magurudumu. Kila asubuhi Baba mudogo alikuta kidimbwi chini. Akaanza kuweka beseni usiku, asubuhi anayachuja mafuta kwa shati lake la zamani na kuyarudisha ndani. Majirani walicheka mpaka wakachoka.

"Baba mudogo! Muzee wenu alikojoa tena?"

"Mumuache," alijibu. "Na nyie mukifika miaka yake, tutawawekea beseni."

Fundi alikuja, akaangalia, akasema mpira wa silinda umekwisha, ile mafundi wetu wanaita joint. Bunia nzima haukupatikana wa kipimo kile. Labda Ariwara, karibu na mpaka, kwa wanaoleta vipuri kutoka Uganda. Baba mudogo akawa anatafuta mtu wa kumtuma huko.

Wakati huo mama, ambaye alikuwa kiongozi wa kikundi cha maombi cha wamama, akaamua kwamba kikundi kitakuja Jumamosi kuombea trakta. Kwetu hili si jambo la ajabu. Watu wanaombea nyumba, pikipiki, mashine ya kusaga. Wanaweka mikono juu yake, wanaimba, wanakula pamoja, wanarudi kwao.

Mimi nilicheka mbele yake. "Mama, ni mpira umechakaa! Mutaombea mpira?"

"Tutaombea," alisema. "Na weye utapika chai."

Hapo ndipo shetani wa kiburi aliponiingia. Kama yupo!

Kwenye simu nilikuwa nimesoma kwamba ukichanganya mafuta ya breki kidogo kwenye mafuta ya usukani, mipira iliyochakaa inavimba na uvujaji unakoma. Chini yake mtu mwingine alikuwa ameonya: usifanye hivyo, mpira ukishavimba unaoza, siku moja utakuacha njiani. Nilisoma onyo hilo kwa macho yangu mawili. Mimi ninayedai ushahidi wa kila kitu, nilisema huyu ni nani, amejuaje, nikaendelea na lile lililonifaa.

Mpango wangu ulikuwa huu. Nitakausha uvujaji kabla ya Jumamosi. Wamama watakuja, wataona pakavu, watapiga vigelegele. Kisha nitasimama na kopo la mafuta ya breki mkononi, niwaambie: Mungu wenu ni huyu hapa! Halafu tumwage mafuta yale, tuweke safi, mpira mpya uje kutoka Ariwara. Nilijiona mwerevu sana.

Mwanzoni mwa juma lile, Baba mudogo alipokwenda kuoga, nilifungua tangi dogo la mafuta ya usukani la Muzee, nikamimina mafuta ya breki niliyokuwa nimenunua. Nakumbuka nilikuwa naimba.

Ikafika Ijumaa, beseni likabaki na matone tu. Jumamosi asubuhi lilikuwa kavu.

Wamama walifika na vitenge vyao vya kikundi. Waliimba, wakaweka mikono juu ya injini. Mama mmoja mnene alipiga magoti, akachungulia chini, akapapasa udongo. Akainuka anapiga kelele: "Muzee ameacha kukojoa! Bamama, iko kavu! Kavuuu!"

Yalikuwa ni machozi, vicheko, vigelegele. Baba mudogo, mtu ambaye alikwenda kanisani kwa ajili ya mazishi na harusi tu, alivua kofia. Na mama yangu alikaa chini kwenye udongo, akafunika uso kwa kitenge na kulia. Tangu tumzike baba sikuwa nimemwona analia kwa furaha.

Kopo lilikuwa nyuma ya mlango wa jikoni. Nilikwenda mpaka pale. Nililishika. Kisha nililiacha, nikachukua birika ya chai.

Unaweza kufikiri nilimhurumia mama. Nilijidanganya hivyo kwa muda mrefu. Ukweli ni kwamba ilinipendeza! Nilizunguka na vikombe nikiwatazama, najisemea moyoni, ninyi nyote mnanishukuru mimi na hamjui. Utamu ule ulinishika. Nikasema nitawaambia kesho.

Kesho yake ilikuwa Jumapili, na mama alisimama mbele ya kanisa zima akatoa ushuhuda. Ningewaambiaje tena?

Jumatatu nilimuuliza Baba mudogo, kama mtu asiye na habari, "Na ile joint ya Ariwara? Ulituma nani?"

Alinitazama kama nimetukana. "Mungu ametengeneza, mi niende kutafuta joint? Ni kusema ametengeneza mubaya?"

"Lakini Baba mudogo, kwa usalama tu..."

"Mademoiselle wa maswali! Ata mbele ya muujiza unauliza facture, risiti?"

Alicheka sana. Nami nikacheka. Sikumwambia! Sentensi moja tu ingetosha, na nilikuwa nayo mdomoni. Badala yake nilimwangalia akilichukua beseni na kulirudisha jikoni. Tangu siku ile hakuchungulia tena chini ya Muzee. Achungulie nini? Alikuwa ameponywa.

Mvua zilianza, kazi ikawa nyingi. Muzee alilima vizuri, na mimi nikaanza kusahau. Mpaka mchana ule.

Walikuwa wanalima shamba la mjane mmoja wa kikundi, kwenye mteremko unaoshuka kijitoni. Baba mudogo alikuwa anakata kona juu ya mteremko. Baadaye alinieleza kwamba usukani uligoma ghafla, mzito, hauzunguki, akauvuta kwa mikono yote miwili na kifua. Magurudumu yakaendelea mbele. Muzee akashuka ukingoni na kulala ubavu, na mguu wa kushoto wa Baba mudogo ukabaki chini.

Jirani alifika nyumbani anakimbia, viatu mkononi. "Muzee ameanguka! Mukuje! Baba mudogo iko chini yake!"

Nilipofika walikuwa wamekwisha kumtoa na kumpeleka hospitali kwa pikipiki, katikati ya watu wawili. Nilibaki na trakta. Niliisogelea ile silinda. Mpira ulikuwa umetoka nje ya mahali pake, laini kama kitu kilichochemshwa, na nilipougusa ulinipaka weusi kidoleni. Mafuta yalikuwa yametapakaa juu ya udongo wa shamba la mjane.

Baba mudogo alipona, Mungu... sijui hata nimshukuru nani. Mguu haukukatwa. Lakini goti halikunjiki, na mguu ule ndio wa kukanyagia klachi. Hataendesha tena. Muzee aliuzwa vipande vipande.

Na mama yangu? Kwenye kikundi walianza kunong'ona. Muujiza wa kweli haurudi nyuma, walisema. Kuna dhambi imefichwa mu nyumba ile. Au mama alitoa ushuhuda wa uongo. Walimwomba apumzike kidogo na uongozi. Alifunga kula, akatafuta dhambi yake usiku na mchana, hakuiona. Ndipo aliponiuliza lile swali, nikamjibu sijui.

Ilinichukua miezi kumwambia. Nilimwambia yote, na kopo, na furaha yangu ya siku ya chai. Nilitamani anipige.

"Basi haikuwa Mungu," alisema.

"Hapana, mama. Twende kanisani, nitasema mwenyewe."

"Useme nini? Ni mutoto wangu alivunja muguu ya baba yake mudogo juu ya kunichekelea? Hapana. Baba yako mudogo asijue. Batu basijue. Mi niliisha kuzoea kukaa nyuma."

Mpaka leo anakaa benchi la mwisho, karibu na mlango, anabeba aibu yangu pamoja na Biblia yake. Alinikataza kusema kwa jina. Kwa hiyo nasema hivi.

Wewe unayependa kuuliza kama mimi, endelea kuuliza. Sikwambii uache! Lakini lile jibu linalokupendeza, lile linalokupa ushindi, liulize kwanza na liulize kwa ukali zaidi. Na ukishakosea kwenye chombo ambacho mtu atakikalia na kukiendesha, sema siku hiyo hiyo. Sema hata kama wanacheka, hata kama wanalia kwa furaha. Usingoje kesho!

Mwaka huu nilikutana sokoni na yule mama mnene aliyepapasa udongo. Anafanya biashara ya kwenda na kurudi Ariwara. Tuliongea habari za Muzee, akatikisa kichwa. Aliniambia kwamba juma lile alikuwa ametoka safari, na kwa kuwa alisikia Baba mudogo anatafuta, alikuja kwenye maombi na joint ya Muzee ndani ya mkoba, alitaka kumpa mama baada ya amina. Alipoona pakavu aliona haya kuitoa, safari iliyofuata akairudisha Ariwara kwa mwenye duka aliyemuuzia.