Bi Hodi na Mkono wa Kinyozi

Mtaani walimwita Bi Hodi, maana kazi yake yote ilianzia mlangoni mwa watu. Alikuwa mhudumu wa afya wa mtaa, mama wa makamo, mnene kidogo, mwepesi wa miguu na mwepesi zaidi wa maneno. Kabla ya hapo alikuwa msusi, na alipenda kusema kwamba ukishika kichwa cha mtu, mdomo wake hufunguka wenyewe. Ndiyo maana alijua nani ana sukari, nani kaacha dawa na nani hapatani na mkwewe.

Kituo chao cha afya kilikuwa na watu wazuri, ila kila mmoja alifanya kazi kivyake. Daktari chumbani mwake, muuguzi kwenye sindano zake, mtaalamu wa mazoezi ya viungo kule nyuma karibu na stoo. Ofisa wa ustawi wa jamii ndiyo kabisa, alikuwa jengo la ng'ambo ya barabara. Asubuhi walisalimiana getini, basi, mpaka kesho.

Kisha kinyozi wa sokoni akapata kiharusi.

Alikuwa mtu wa masihara, mteja wake hutoka na kichwa safi na mbavu zinamuuma. Siku hiyo mashine ilimponyoka katikati ya kichwa cha mtu. Hospitali kubwa walimwokoa, lakini alirudi nyumbani mkono wa kulia umelegea, mdomo umekwenda upande, na masihara yamekwisha. Akawa wa kulala tu, anatazama ukuta. Mkewe, fundi wa kushona, akaihamishia cherehani yake chumbani ili asimwache peke yake.

Siku moja Bi Hodi alifika akamkuta mama huyo ameketi kizingitini, macho yamemvimba.

"Kulikoni, dada yangu?"

"Ingia tu ujionee."

Ndani alikuwamo muuguzi, amekuja kupima presha, na mtaalamu wa mazoezi, kijana mrefu, amekuja kumwinua mgonjwa. Hakuna aliyejua kwamba mwenzake angekuja. Muuguzi anasema presha iko juu, mtu apumzike. Kijana anasema akizidi kulala viungo vitakakamaa. Kiti kilikuwa kimoja, nacho kimejaa vitambaa, kwa hiyo walibishana kwa adabu wamesimama, kitanda kikiwa katikati yao.

Bi Hodi naye, bila kufikiri, akatia lake. "Lakini mimi nilishasema shemeji asisumbuliwe kwanza, na chumvi asiionje kabisa."

Mke wa kinyozi alikuwa amesimama mlangoni. Alisema polepole, "Jamani, nisikilizeni. Huyu anasema alale, huyu anasema aamke. Duka la dawa wanasema kidonge kabla ya kula, hospitali walisema baada ya kula. Naona nyote mnatutakia mema. Sasa mimi nimfuate nani?"

Kitandani kinyozi akajikokota kwa maneno. "Na mimi... hakuna aliyeniuliza."

Bi Hodi alitoka pale amejaa haya, na badala ya kwenda nyumba ya pili alishika njia ya kituoni, moja kwa moja hadi kwa daktari.

"Daktari, tunamvuruga yule mama. Mimi nikiwamo. Tukae wote tumwambie neno moja."

Daktari, mwanamke mkimya, alivua miwani akafikicha macho. "Hata mimi habari za wagonjwa wangu nazipata vipandevipande. Jumatano mchana tukutane. Mwite na mtu wa ustawi."

Kikao cha kwanza hakikuwa kizuri. Walikaa kwenye mabenchi ya wagonjwa, muuguzi na kijana wa mazoezi wamenuniana, mfamasia wa duka la dawa akazungumza mpaka chai ikapoa. Lakini walielewana. Presha ipimwe kwanza, ikiwa imetulia mazoezi mepesi yafuate papo hapo. Dawa ni baada ya kula. Chumvi ipunguzwe, si kukatwa yote. Hapo Bi Hodi aliinamia kikombe chake. Ofisa wa ustawi akamtafuta jirani wa kukaa na mgonjwa asubuhi, mkewe apate kupeleka nguo za watu. Na maelekezo yote yapitie mdomo mmoja, wa Bi Hodi.

Kesho yake aliondoa vitambaa kitini akakaa karibu na kitanda.

"Shemeji, wewe mwenyewe unataka nini?"

"Kushika kitana," akasema kinyozi.

Basi mazoezi yakawa ya kitana. Mkewe alishona kichwa cha matambara, akakipandikizia nyuzi za sufu, na kinyozi akakichana kila siku, jasho likimtoka, kijana mrefu akimshikia kiwiko. Kitana kilianguka mara nyingi kuliko kilivyochana. Wiki zikapita. Asubuhi moja alishusha mkono, akakitazama kile kichwa.

"Mteja huyu nampenda," akasema. "Hadai chenji."

Muuguzi alicheka mpaka akakaa kitandani. Mkewe aligeukia cherehani, akawa anatunga uzi kwenye sindano ambayo tayari ilikuwa na uzi.

Mkono haukurudi wote. Siku hizi mashine anaishika mdogo wake, mtu mzima mwenye familia yake. Kinyozi huchana, hupaka poda na kuendesha mazungumzo. Wazo la kuleta kipimo cha presha kibandani lilikuwa lake, alikwenda mwenyewe na fimbo yake kulisema kwenye kikao cha Jumatano. Wanaume wasiokanyaga kituoni hata kwa kubebwa, sasa hupimwa kila Jumamosi.

"Hunyolewi kabla ya kufunga mkanda," humwambia kila anayeketi.

"Mkanda wa nini tena?"

"Wa presha, ndugu yangu. Kwani ndege huruka abiria hajafunga?"

Na muuguzi huwa ameshamkunja mtu mkono wa shati. Bi Hodi akipita hapo hukaa kwenye benchi la nje, anavua viatu, anaagiza chai, na anawasikiliza wakibishana juu ya mpira.