Kumi na Mmoja Walioitwa Tasa

Nina ugomvi na neno "tasa", na sioni sababu ya kuuficha. Hutamkwa upesi mno, na karibu kila mara humwelekea jike. Wifi yangu, mke wa kaka yangu, ambaye majirani humwita Mama Zizi, alilisikia likitolewa na mumewe kama hukumu juu ya ng'ombe wake kumi na mmoja asubuhi moja akiwatilia maji.

Ng'ombe hao ni wa nyama, hawakamuliwi. Kazi ya mama ni kuzaa ndama kila mwaka na kumnyonyesha mpaka aachishwe, na asiyezaa anakula bure. Wifi aliwalea wote kumi na mmoja tangu wakiwa mitamba, miaka ambayo kaka alishinda mjini akiuza vipuri vya pikipiki. Mwaka huo hakuna hata mmoja aliyeshika mimba. Kaka akamwita mnunuzi: lori lije Alhamisi, wote waende machinjioni. Jasho la miaka tisa lingeondoka kwa safari moja.

Dume hakuulizwa lolote. Kaka alimnunua mwaka huohuo kwenye maonyesho, mpana kama kabati, akampa jina la Mheshimiwa. Pumba zote na molasi zote zilikuwa zake. Mama waliokuwa bado wakinyonyesha ndama wa mwaka uliopita waliachiwa nyasi kavu.

Wifi hana cheti cha shule yoyote, ila alikuwa na mlango wa stoo. Kwa chaki, alimchorea kila ng'ombe mstari wake, na kila ng'ombe huyo alipotaka dume, wifi alitia alama na tarehe. Alama zilirudi kila baada ya wiki tatu, bila kukosa. Alimweleza mumewe kwamba ng'ombe anayerudia joto kwa mpangilio huo tumbo lake linafanya kazi; anapandwa, ila hapewi kitu. Kaka alicheka mpaka akatafuta pa kukaa, kisha akawatangazia wenzake dukani kwamba mkewe amemfungulia Mheshimiwa kesi.

"Baba watoto, siombi uniamini," wifi alimwambia. "Naomba daktari wa mifugo apite kabla ya lori."

"Apite tu. Ila ukiumbuka, usije kwangu kulia."

"Nikiumbuka nitaibeba aibu yangu. Mbona ndoo nazibeba kila siku."

Alhamisi daktari na lori walifika karibu kwa pamoja. Mnunuzi aliombwa asubiri, akaegemea bampa huku akitafuna jiti. Daktari alimbana Mheshimiwa kwenye kichochoro cha mbao, akampima korodani kwa utepe, akaguna. Akachukua mbegu, akaweka tone chini ya hadubini juu ya meza ya barazani, akatazama, kisha akamwita kaka.

Kaka aliinama. Akakaa hivyo muda ambao wifi, aliyesimama mlangoni pa zizi, anasema ulimtosha kuwaaga ng'ombe wote mmoja mmoja.

"Sioni kinachotembea," kaka alisema.

"Ndiyo majibu yenyewe, mzee. Mafuta yamezidi mpaka korodani haipoi, mbegu zimeharibika. Ulimlisha apendeze, hukumlisha azalishe."

Mnunuzi akauliza kama basi apakie yule mnene. Aliyecheka ni wifi peke yake, naye kidogo tu.

Lori liliondoka na Mheshimiwa. Daktari alimkagua dume wa jirani, mwembamba asiye na jina, naye akaazimwa kwa miezi miwili. Pumba zikahamia kwa mama, na mbavu zilizokuwa zikihesabika zikaanza kufunikwa. Miezi minne baadaye daktari aliwapima kwa mkono: tisa wana mimba. Wifi hakuwatetea wawili waliobaki. Aliwataja mwenyewe kwamba waondoke, kwa kuwa sasa walikuwa wamepewa nafasi ya haki.

Jioni hiyo kaka alimuuliza, macho yakiwa chini, dume atakayenunuliwa akapimwe wapi kabla hajalipiwa.

"Apimwe hukohuko anakouzwa," wifi alisema, "na mimi niwepo."