Torunn Auza Karatasi za Choo

Torunn, jirani yangu, anasomea ukunga. Mwaka wake wa mwisho alitakiwa kwenda Bergen, mji wa Norway bara, kwa mafunzo ya vitendo, mbali na kisiwa chetu, na chumba huko angejilipia mwenyewe. Akaomba ufadhili kwenye mfuko wa elimu wa kisiwa. Mwenyekiti, mjomba wake Eldar, akamkatalia.

"Pesa zetu ni za wanaobaki. Fanyia mafunzo hapa hapa."

"Hapa nimzalishe nani, Mjomba? Kondoo? Wodi ya wazazi mliifunga wenyewe!"

"Ukienda hurudi wewe."

"Basi nitaenda bila ninyi."

Kwetu, bendi ya shule ikitaka matarumbeta mapya, watoto huuza karatasi za choo nyumba kwa nyumba. Mtu mzima hafanyi hivyo. Torunn alijaza mafurushi kwenye toroli, akalisukuma kwenye theluji, na mlango wa kwanza kuugonga ukawa wa mjomba wake.

"Mtoto wewe, unaniaibisha! Watu wanaona!"

"Waone. Natafuta kodi ya chumba. Nikuachie mafurushi mangapi?"

Mjomba akashusha sauti. "Rudi nyumbani, nitaongea na kamati ya mfuko."

"Kamati ilishaongea. Sasa naongea na wenye vyoo."

Nilikuwa dirishani, nikacheka, nikatoka na pochi yangu. Majirani wakafuata. Wiki zile Torunn alijaza toroli tena na tena, hadi akapanda meli ya Bergen. Stoo zetu zimejaa karatasi mpaka darini, na mfuko haukutoa hata kroni moja.