Konzi ya Udongo Kutoka Tuta la Nne

Mjini Arcata ilijulikana kwamba Verna Tolliver haegeshi pikapu yake ila pua ielekee barabarani. Mahitaji yake aliyanunua katika maduka matatu ya miji mitatu, simu hakuipokea hadi ilie mara ya pili, na ukimwuliza anakwenda wapi alikujibu, "Huko huko." Bangi ilishahalalishwa miaka kadhaa na leseni yake ya kuilima ilikuwa ukutani ndani ya fremu, lakini mtu aliyekaa miaka ishirini na sita vilimani akilima kwa siri na kukimbilia porini kila aliposikia helikopta ya polisi haponi kwa karatasi. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mumewe, Gil, alifungwa miaka miwili kwa sababu ya jirani aliyekuja na mkate wa ndizi na maswali mazuri mazuri kuhusu mbolea.

Gil alikuwa ameshafariki. Kilichobaki chake ni udongo.

Udongo huo aliuanzisha kwa mboji ya majani ya msituni, akauchanganya na kokoto nyepesi za volkano, magamba ya kaa yaliyosagwa, mwani, na kinyesi cha nyungunyungu. Walipoteremka kutoka vilimani, vyombo waliviacha, udongo wakaupakia. Sasa ulijaa matuta manne ya mbao katika chumba cha nyuma, chini ya taa, na kwa miaka kumi na mmoja haukuwahi kulimwa wala kumwagwa. Baada ya kuvuna maua ya bangi, Verna alikata shina na kuiacha mizizi ioze hapo hapo, kisha akatandaza majani makavu ya shayiri juu yake. Dawa ya kuua wadudu haikuwahi kuvuka mlango ule. Kazi hiyo waliifanya wadudu wenyewe: utitiri wawindaji waliowala utitiri waharibifu, na mbawakawa wembamba weusi waliokimbia chini ya shayiri wakitafuta mayai ya visubi. Kila asubuhi kabla ya kahawa Verna alifunua shayiri, akasubiri, na mbawakawa wa kwanza akipita alisema, "Haya, tupo."

Mtu mwingine aliyeingia humo ni Renata Azevedo, mwanamke wa miaka thelathini na minane aliyezaliwa kwenye zizi la ng'ombe wa maziwa kule mabondeni, kwa watu wa asili ya Kireno. Alikuwa na mikono mizuri kwa mimea na mdomo usiotulia, na kinyesi cha ng'ombe wa kwao ndicho kilicholisha nyungunyungu wa matuta. Alifanya kazi kwa Verna miaka mitatu, na kwa miaka yote hiyo Verna alimpenda, na kwa miaka yote hiyo alimchunga, akiutupia jicho mkoba wake kila alipotoka.

"Unaandika nini hapo?" Verna alimwuliza siku moja.

"Kipimo cha mwani. Nasahau kila mara."

"Sahau tu. Kichwani hakuna karatasi ya kukamatwa nayo."

"Verna, mama wee, nani atanikamata? Juzi afisa wa kilimo kakaa hapa kanywa kahawa vikombe viwili."

"Kanywa, ndiyo. Macho yalikuwa yanazunguka chumba kizima."

Renata alicheka, akaendelea kuandika. Hilo la kuendelea kuandika lilimkaa Verna rohoni.

Jumanne moja, wiki tano kabla ya mavuno, Verna alipofunua shayiri pembeni mwa tuta la nne alikuta shimo. Lilikuwa dogo, saizi ya konzi moja, na aliyelichimba alikuwa amerudisha shayiri juu kwa ustadi. Verna alichuchumaa akaliangalia mpaka magoti yakauma. Kwa watu wa kazi hii konzi moja inatosha: mwenye udongo hai hukuza mwingine kwayo, kama chachu ya mkate. Mtu alikuwa amemwiba Gil.

Alilifunika tena. Vilimani walijifunza kwamba ukimshuku mtu usimwoneshe. Mwache ajione salama, wewe weka ulinzi. Ulinzi aliokuwa nao ni Boone, mbwa mzee wa kahawia aliyembwekea hata tarishi aliyekuja pale kwa miaka tisa. Boone hakuwahi kuruhusiwa ndani. Jioni ile ile Verna alimfungulia mlango, na mbwa, ambaye tangu azaliwe hakuwahi kuona kitanda kama kile, alipanda juu ya tuta la nne, akazunguka mara tatu, akalala kwenye shayiri yenye joto. Jioni zilizofuata akayajaribu matuta mengine. Asubuhi Verna alimtoa, akayasawazisha majani.

"Kuna manyoya humu," Renata alisema.

"Ya koti langu," alijibu Verna. Alijisikia mwerevu sana.

Siku ya kumi na moja alifunua shayiri akasubiri. Hakuna aliyepita. Akafunua pembeni, akafunua katikati. Mbawakawa walikuwa wamelala chali, miguu imekunjwa. Alipochimba kwa kidole alitoa nyungunyungu laini aliyelegea, asiyejikunja hata alipoguswa. Tuta la tatu lilikuwa vivyo hivyo. Verna alikaa sakafuni. Alijua anachokiona: hiyo ilikuwa sumu. Hofu yake ikageuka hasira upesi, kwa kuwa hasira aliizoea zaidi.

Renata aliingia na kikapu cha soseji za mamake na supu ya sukumawiki ndani ya chupa, kama kila Ijumaa.

"Umepuliza nini?"

"Nini?"

"Usinichezee. Zizini kwenu mnapuliza dawa ya nzi, si ndiyo? Imekujaje humu? Kwenye mabuti au kwenye chupa?"

Renata aliweka kikapu chini. Aliinama akaona, na uso wake ukapauka. "Ee Mungu. Verna, wote?"

"Na udongo wangu nani kachukua? Pale pembeni, tuta la nne!"

"Mimi. Nilichukua, ngoja nikueleze..."

"Hunielezi kitu! Kwanza unaiba, halafu unaua kilichobaki ili uwe nacho peke yako. Gil alikuwa na jirani kama wewe. Naye alikuja na chakula."

"Miaka mitatu," Renata alisema, akaokota kikapu chake na kuondoka. Supu iliachwa mlangoni. Verna hakuinywa, aliimwaga nyuma ya nyumba, maana mtu aliyeua nyungunyungu angeshindwa nini?

Barua ilikuja wiki iliyofuata, kutoka maabara ya udongo. Juu yake iliandikwa Renata Azevedo, kwa anwani ya Tolliver. Kufungua barua ya mwenzako si adabu, na Verna aliifungua kabla tarishi hajatoka getini. Ndani mlikuwa na orodha ndefu ya sumu, na mbele ya kila moja: haikuonekana. Tarehe ya sampuli ilikuwa ile Jumatatu ya kabla ya shimo kuonekana. Chini, kwa mwandiko wa Renata, nakala ya ombi lake: "Kaka yangu amebadilisha muuza nyasi za ng'ombe, na nyasi hizo huenda zimepuliziwa dawa. Nataka kuhakikisha kinyesi tunachompelekea mwajiri wangu hakina kitu. Asijue, ataacha kulala."

Verna aliisoma mara mbili. Basi Jumatatu ile udongo ulikuwa mzima. Kilichoingia kiliingia baadaye. Alihesabu kwa vidole kila kilichovuka mlango tangu siku hiyo: maji yale yale, shayiri ile ile, mabuti yale yale; kinyesi kipya hakikuletwa. Na mbwa.

Boone alikuwa kibarazani akijikuna shingo. Ukanda wa kuzuia viroboto Verna alimvisha mwenyewe mwanzoni mwa kiangazi. Kopo lake lilikuwa bado kwenye droo ya jikoni. Alilisogeza dirishani akasoma jina la dawa, akarudi kwenye orodha ya maabara, akaliwekea kidole. Lilikuwa la sita. Alipeleka konzi moja ya kila tuta kupimwa, kwa ajili ya kumalizia tu. Jibu lilirudi: imeonekana, matuta yote manne.

Maua hayangepita vipimo vya jimbo, na udongo ule usingefaa tena kufugia kiumbe. Alikata mimea, akautoa udongo kwa toroli siku tatu mfululizo, hadi mbao za chini zikabaki tupu. Alilia wakati wa kazi hiyo bila kujificha, hakukuwa na mtu wa kumficha.

Kisha alienda mabondeni. Hakuwahi kufika kwa kina Azevedo; alikuwa akijitahidi asijue watu wanakaa wapi, ili naye wasijue. Renata alikuwa akiosha sakafu ya kukamulia kwa mpira wa maji. Hakuufunga.

"Ni mimi," Verna alisema kwa sauti ya juu kidogo ili isikike. "Ni ukanda wa Boone. Nilimlaza ndani akuchunge wewe. Niwie radhi."

Renata akafunga maji. "Umemshuku afisa. Umemshuku kaka yangu, na buti zangu, na supu ya mama. Mbwa je?"

"Mbwa sikumshuku."

"Ndiyo basi." Aliingia nyumbani, akakaa kitambo, akatoka na kikopo cha mtindi chenye matundu kwenye kifuniko. "Maabara wanataka vijiko viwili tu. Hii iliyobaki niliitilia shayiri, nikaiweka jikoni. Nilitaka kukurudishia siku ile ile ulipokuwa unapiga kelele."

Verna alifungua. Udongo ulikuwa mweusi na wenye unyevu, unanuka msitu. Mbawakawa mmoja akakimbia hadi ukingoni, akasita, akarudi chini.

"Njoo Jumatatu," Verna alisema. "Tuuanze upya. Andika kila kitu, andika hata ukutani."

"Siji, Verna."

"Nimekuomba radhi."

"Nimesikia, na nimekusamehe. Lakini huku ng'ombe hawaniangalii mkoba ninapotoka." Alifungua maji tena. "Usiuache ukauke. Na mbwa mwogeshe."

Verna alirudi kwenye gari. Kwa haraka aliyokuja nayo alikuwa ameliegesha pua ikielekea zizini, ikambidi arudi nyuma polepole kupita uwanja wote, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine umeshika kikopo.